Mshipa wa Mguu Unaokwenda Moyoni: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Hotuba kwa wagonjwa wa sukari na moyo pamoja na jamaa zao, Nakuru

Itifaki imezingatiwa. Wazee wetu, akina mama, vijana mliowasindikiza wazazi, na wauguzi wenzangu mliotoka Njoro, Molo, Subukia na hapa mjini, hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie upasuaji wa moyo. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi katika chumba cha upasuaji, na baadaye nikahamia vidonda, na huko ndiko nilikobaki. Kwa hiyo kifua nitakigusia tu. Hotuba yangu ni ya mguu.

Mtu akirudi nyumbani baada ya upasuaji wa moyo unaoitwa baipasi, wageni humiminika na mkate na maziwa, na kila mmoja anauliza kifua kinaendeleaje. Wanataka kuona kovu. Mgonjwa anafungua vifungo viwili vya shati, wanashangaa, wanaomba, wanakwenda. Lakini wiki ya pili na ya tatu, mgonjwa huyo akiketi nami kliniki, kifua hakitaji. Anakunja suruali. Mguu umevimba, mshono unavuja maji, soksi imeshika kwenye kidonda. Na jamaa yake, mara nyingi binti yake, ananiuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuonekana hana shukrani: “Sista, tulimpeleka kwa ajili ya moyo. Mbona mguu umekatwa hivi?”

Swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla ya upasuaji, na kujibiwa na watu wenye kisu. Mara nyingi halijibiwi. Familia inauza ng'ombe, inaitisha harambee, inapanga safari ya Nairobi au ya India, inatia sahihi kwenye fomu ya ridhaa, na hakuna aliyewaambia kwamba mshipa utatolewa mguuni, wala kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kuutoa.

Nianze na moyo wenyewe, kwa ufupi. Moyo ni msuli, na msuli huo unalishwa na ateri zake zinazoupitia kwa nje. Ateri hizo zikijaa mafuta na chokaa ndani yake, damu inapungua. Mtu akipanda ngazi au mlima kidogo anabanwa kifua, anapumzika, kinaachia. Ateri ikiziba kabisa, sehemu ya msuli inakufa, na huo ndio mshtuko wa moyo. Dawa husaidia. Puto na kijibomba cha waya kinachoitwa stenti husaidia wengi. Lakini ateri zilizoziba zikiwa nyingi, au zikiwa zimeziba mahali pabaya, mpasuaji huchukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili, anashona ncha moja kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni na ncha ya pili kwenye ateri ya moyo mbele ya pale palipoziba. Damu inapata njia mpya. Hiyo ndiyo baipasi.

Sasa nisikilizeni vizuri ninyi wenye sukari, maana jambo hili linawahusu kuliko wengine. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,900 wenye kisukari ambao ateri zao za moyo zilikuwa zimeziba zaidi ya moja. Waliofanyiwa baipasi walikufa wachache na walipata mishtuko ya moyo michache kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kilikuwa kingi zaidi upande wa baipasi. Ndiyo maana daktari akiona una sukari na ateri tatu zimeziba, huenda akakuelekeza kwenye upasuaji badala ya stenti. Ni ushauri mzuri. Ila wale wale wanaofaidika zaidi na baipasi ndio wenye miguu isiyopona upesi. Sukari inadhoofisha mishipa midogo ya damu, inapunguza hisia, inaipa bakteria karamu. Moyo wako unahitaji mshipa, na mshipa uko ndani ya mguu ambao tumekuwa tukikuonya usiujeruhi hata kwa kiatu kinachobana.

Mshipa unaotumika zaidi ni ule mrefu kuliko yote mwilini. Unaanzia mbele ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, unapanda kwenye ugoko, unapita kando ya goti na kuendelea na paja mpaka kwenye kinena. Kazi yake ni kurudisha damu juu, na ndani yake mna vali ndogo zinazoruhusu damu kupanda na kuizuia isishuke. Kwa sababu ya vali hizo, mpasuaji anapoushona kwenye moyo huugeuza, sehemu iliyokuwa chini ikawa juu. Ukiondolewa, mishipa iliyo ndani zaidi ya mguu inabeba kazi yake. Hutakosa damu mguuni kwa sababu hiyo. Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kukutana na baba mmoja aliyekataa katakata kutembea baada ya upasuaji, akiamini mguu sasa hauna damu, na kulala vile kulimzidishia uvimbe.

Aliyeifanya kazi hii ya mshipa wa mguu ijulikane duniani ni René Favaloro wa Argentina. Alikuwa daktari wa kijijini kwa takriban miaka 12, katika mji mdogo wa Jacinto Aráuz, sehemu kavu ya nchi yao, kabla ya kwenda Marekani kujifunza zaidi katika Cleveland Clinic. Mei 1967 alitumia mshipa wa mguu kuipitisha damu kando ya ateri ya moyo iliyoziba. Napenda kuwakumbusha vijana wa uuguzi na udaktari walioko hapa kwamba mtu huyo alitoka zahanati ya kijijini.

Tangu siku hizo, na kwa karibu miaka 30, mshipa ulitolewa kwa njia moja. Ngozi inapasuliwa kufuata mshipa, hatua kwa hatua, mpaka urefu unaohitajika upatikane. Mgonjwa anayehitaji vipande vitatu anaweza kuwa na mkato kutoka kifundoni hadi karibu na kinena. Mpasuaji anauona mshipa wote kwa macho yake. Anafunga kila tawi kwa uzi, anautoa bila kuuvuta sana. Hakuna mashine ya bei ghali. Mshipa unatoka ukiwa na afya, na hiyo ni sifa kubwa ambayo hatupaswi kuidharau.

Gharama yake inalipwa na ngozi. Mkato mrefu ni mlango mrefu wa bakteria. Kingo zinaweza kuachana, hasa karibu na goti na kinena. Vijishipa vya maji ya mwili vinakatwa, na mguu unavimba. Kando ya mshipa huo, kuanzia goti kwenda chini, unapita mshipa wa fahamu. Ukiguswa, ngozi ya ndani ya ugoko mpaka kifundoni inakufa ganzi, wakati mwingine kwa miezi, wakati mwingine moja kwa moja. Ganzi hiyo kwa mgonjwa wa sukari si jambo dogo: ni sehemu nyingine ya mguu isiyosikia msumari. Wanaopata shida zaidi ni wenye sukari, wenye mwili mnene, wavutaji sigara, wanawake, na wale ambao ateri za miguu yao zimeanza kuziba. Hesabuni wenyewe, wangapi kati yetu hapa wana mawili au matatu kati ya hayo.

Katikati ya miaka ya 1990 ilianza kuenea njia ya kamera. Mkato ni mdogo, sentimita mbili au tatu, upande wa ndani wa goti. Hapo anayetoa mshipa anaingiza bomba jembamba lenye kamera na taa. Gesi ya kaboni dioksidi inapulizwa ili kutenganisha mafuta na mshipa na kupata nafasi ya kuona. Halafu bomba linasonga chini ya ngozi, polepole, kama fuko anavyopita chini ya viazi vya Molo, na juu hakuna kilichopasuka. Kila tawi la mshipa linakatwa na kuzibwa kwa moto wa umeme. Mwishoni, tundu dogo kwenye kinena linatosha kufunga ncha ya juu, na mshipa unavutwa nje mzima. Mgonjwa anabaki na makovu mawili au matatu madogo.

Mara ya kwanza kuona mguu wa namna hiyo siku ya tano baada ya upasuaji, nilifurahi kama muuguzi wa vidonda anavyoweza kufurahi. Mgonjwa alikuwa anatembea kwenda chooni bila kushika ukuta. Palikuwa na michubuko ya bluu kwenye paja, na damu kidogo ilikuwa imejikusanya ndani kwenye ile njia iliyochimbwa, lakini hakukuwa na cha kufungua na kusafisha kila asubuhi.

Ningeishia hapo kama mguu ungekuwa ndio wote. Lakini mshipa haukutolewa ili mguu upendeze. Umetolewa ili ukae kwenye moyo miaka kumi, kumi na mitano. Na upande huo ndiko mabishano yalikotokea.

Utando wa ndani wa mshipa ni mwembamba mno. Ukivutwa, ukibanwa, ukiunguzwa na moto wa kuzibia matawi, utando huo unajeruhiwa, na mahali palipojeruhiwa damu hushika na kuganda. Njia ya kamera inaubana na kuuvuta mshipa zaidi, na gesi inaubonyeza kiasi kwamba damu iliyosimama ndani inaweza kuganda ikiwa mgonjwa hakupewa mapema dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo watu wakauliza: je, tumeuokoa mguu kwa hasara ya moyo?

Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa waliokuwa kwenye utafiti ulioitwa PREVENT IV. Kinachotushughulisha ni hiki: walipopigwa picha za moyo baada ya miezi 12 hadi 18, upande wa kamera asilimia 46.7 ya wagonjwa walikuwa na mshipa ulioharibika, na upande wa mkato mrefu asilimia 38. Baada ya miaka mitatu, waliokufa, waliopata mshtuko wa moyo au waliohitaji kufunguliwa tena njia za damu za moyo walikuwa asilimia 20.2 upande wa kamera na 17.4 upande wa mkato mrefu. Habari hiyo iliwatikisa wapasuaji wengi. Wapo waliorudi kwenye kisu kirefu.

Ila utafiti huo ulikuwa umeandaliwa kwa swali jingine kabisa. Hakuna kura iliyopigwa kuamua nani atolewe mshipa kwa njia gani. Kila mpasuaji alichagua mwenyewe. Mtu mnene mwenye sukari huenda alichaguliwa kamera kwa sababu hizo hizo, na mtu huyo tayari alikuwa kwenye hatari zaidi. Pia vifaa na mikono ya miaka ile vilikuwa bado vinajifunza.

Mwaka 2012 ikaja hesabu kubwa zaidi, ya wazee zaidi ya 200,000 wa Marekani walio kwenye bima ya serikali yao. Vifo havikutofautiana kati ya njia hizi mbili, na vidonda vya mguu vilikuwa vichache kidogo upande wa kamera. Bado haikuwa kura. Kura ilikuja na utafiti wa REGROUP, uliofanywa katika hospitali 16 za wanajeshi wastaafu wa Marekani na kuchapishwa mwanzoni mwa 2019. Wagonjwa 1,150 walipangiwa njia kwa bahati nasibu na kufuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Waliokufa, waliopata mshtuko wa moyo au waliofunguliwa tena njia za damu za moyo walikuwa asilimia 13.9 upande wa kamera na asilimia 15.5 upande wa mkato mrefu. Kwa hesabu za kitaalamu hiyo si tofauti. Maambukizi ya kidonda cha mguu yalikuwa asilimia 1.4 upande wa kamera na asilimia 3.1 upande wa mkato mrefu.

Kwa hiyo kamera imeshinda? Ngojeni kwanza. Katika REGROUP hakuruhusiwa kila mtu kuushika mshipa. Aliyetoa mshipa kwa kamera alipaswa awe ameshafanya kazi hiyo zaidi ya mara 100, na awe ni mtu ambaye ni nadra kushindwa katikati na kulazimika kupasua. Nalisisitiza sharti hili kuliko namba zote nilizozitaja. Utafiti haukutuambia kwamba tundu dogo ni salama. Ulituambia kwamba tundu dogo ni salama mikononi mwa aliyezoea. Tena niwaongezee: karibu wagonjwa wote wa utafiti ule walikuwa wanaume. Akina mama, ambao mishipa yao mara nyingi ni myembamba na vidonda vyao vya mguu vina tabu zaidi, hawakuwamo kwa idadi ya kutosha.

Na nani hasa huutoa mshipa? Wakati mpasuaji mkuu anafungua kifua, mtu mwingine yuko mguuni. Marekani mara nyingi si daktari, ni msaidizi aliyefunzwa kazi hiyo hasa. Kwingine ni daktari mdogo anayejifunza. Familia inajua jina la profesa wa kifua, inamsifu, inamwombea. Aliyeushika mshipa hawamjui. Mimi naamini mna haki ya kumjua.

Kuna njia nyingine mbili nitakazozitaja. Ya kwanza ni mikato mifupi kadhaa, ngozi ikiachwa nzima katikati. Haihitaji kamera wala gesi, inahitaji subira na mikono miwili, na inaupunguzia mguu kidonda. Hospitali isiyo na mashine inaweza kuifanya. Ya pili ilitoka Sweden, katika mji wa Örebro, kwa mpasuaji Domingos Souza. Yeye anautoa mshipa pamoja na mafuta yanayouzunguka, bila kuugusa wala kuujaza maji kwa nguvu ili kupima kama unavuja. Baada ya miaka 16, mishipa iliyotolewa hivyo ilikuwa wazi asilimia 83, na ile ya kawaida asilimia 64. Ni matokeo mazuri sana. Lakini mguu ndio unaolipa: mkato ni mrefu na vidonda vina matatizo zaidi. Mnaona jinsi mguu na moyo vinavyovutana. Kinachoupendeza mshipa si lazima kiipendeze ngozi.

Tena si kila njia mpya ya damu inatoka mguuni. Ile ateri iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, upande wa kushoto, ndiyo bora kuliko zote kwa ateri ya mbele ya moyo; zaidi ya asilimia 90 huwa bado ziko wazi baada ya miaka kumi, wakati mishipa ya mguu kwa muda huo karibu nusu huwa imeziba au imeharibika. Ateri ya mkononi nayo hutumika, mradi vipimo vionyeshe kwamba kiganja kitapata damu kwa ateri iliyobaki. Mwenye miguu mibovu, au mwenye mishipa iliyovimba na kujikunja, aulize habari ya mkono.

Hapa kwetu hali ikoje? Upasuaji wa moyo wa Bonde la Ufa na magharibi umekua kwa ajili ya vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa inayoanzia kooni. Tenwek kule Bomet na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, zimebeba mzigo huo. Wengi wenu mkiambiwa baipasi, mtaelekezwa Nairobi. Na kamera haipo kila mahali. Vifaa vyake vingi hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa, na bei yake ni kubwa.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa familia. Msiuze shamba la pili kwa kutafuta tundu dogo. Ikiwa mpasuaji mzuri yuko tayari kukufanyia baipasi kwa mkato mrefu mwezi huu, na ya kamera ni ya mwaka ujao nchi nyingine, kubali ya mwezi huu. Moyo hautofautishi. Mguu utahitaji matunzo zaidi, na matunzo hayo tunaweza kuyafanya hapa Nakuru. Lakini ikiwa hospitali ina njia zote mbili, na mkono uliozoea upo, na wewe una sukari au mwili mnene, mimi ningechagua kamera, na ningemchagulia mama yangu hivyo hivyo.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kwa adabu na bila woga. Mshipa utatoka wapi, mguu gani, mpaka wapi? Nani atautoa, na ameshautoa mara ngapi kwa njia hiyo? Ikishindikana kwa kamera mtapasua, na je, mmetuandaa kwa hilo? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Mwambieni pia mambo mnayoyajua ninyi: kwamba mguu wa kulia ulishatolewa mishipa iliyovimba, kwamba uliwahi kuganda damu, kwamba kidonda cha kidole kilichukua miezi. Na ukishajua kwamba unaelekea baipasi, usikubali dripu ichomwe kifundoni mwa mguu wakati mkono upo. Mshipa huo una safari.

Sukari ishughulikiwe kabla ya safari, si wodini. Sigara iachwe leo, kwa ajili ya kidonda na kwa ajili ya mshipa mpya wenyewe, maana moshi unauziba. Fangasi katikati ya vidole itibiwe. Mipasuko ile ni njia ya bakteria kupanda hadi kwenye mshono. Hili la fangasi watu hulipuuza sana, nami nalitaja kila ninapopewa nafasi.

Ukirudi nyumbani, mguu uinuliwe juu ya kigoda kila unapoketi. Usikunje mguu juu ya mwingine. Tembea kidogo kidogo kila siku. Nairobi hadi hapa ni kilomita kama 160. Mwambie dereva asimame Naivasha au Gilgil, ushuke, unyooshe miguu. Kama umepewa soksi ya kubana, vaa kama ulivyoelekezwa, lakini mwenye ateri za mguu zilizoziba asiivae bila ruhusa ya daktari. Kidonda kisipakwe majivu, asali ya dukani, dawa ya meno wala majani. Uvimbe kidogo jioni ni kawaida. Wekundu unaopanda, joto, usaha, harufu, kingo kuachana, homa, au shavu la mguu kuwa gumu na kuuma, hayo si ya kusubiri kliniki ya Jumanne. Njooni siku hiyo hiyo. Ukibanwa kifua tena au pumzi ikakatika ghafla, usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwenye dharura.

Aspirini usiiache kwa sababu unajisikia mzima. Hiyo ndiyo inayozuia damu kuganda ndani ya mshipa uliopandikizwa. Dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu vilevile. Nimeona wagonjwa waliomaliza chupa ya kwanza, wakaona kifua kimenyamaza, wakaiweka kando ili pesa ziende kwenye karo. Nawaelewa, karo ni karo. Lakini zungumzeni nasi kwanza, dawa hizi zipo za bei nafuu.

Kwa viongozi wa kaunti walioketi mbele, nina maneno machache na nawaomba myapokee. Mgonjwa anafunguliwa kifua Nairobi, lakini kidonda chake kinapona au kuoza Subukia. Barua anayorudi nayo mara nyingi inasema tu “baipasi imefanyika”. Haisemi mshipa ulitoka mguu gani, kwa njia gani, nyuzi zitolewe lini, wala nani apigiwe simu. Muuguzi wa zahanati akiuona mkato wa urefu ule, anaogopa kuugusa, anamwandikia rufaa, na mgonjwa anapanda matatu mbili na mguu uliovimba ili asafishwe kidonda ambacho kingesafishwa mtaani kwake. Tuombe hospitali kubwa ziandike barua kamili. Tupeni bandeji za kutosha kwenye zahanati. Na turuhusuni tuwafundishe wauguzi wa vijijini kwa wiki moja moja katika kliniki ya vidonda. Sisi tuko tayari kuwapokea, na mafunzo hayo hayahitaji jengo jipya.

Akina dada wenzangu wa kliniki wameweka viti na mabeseni upande wa kushoto, karibu na mlango. Waliofanyiwa baipasi waje kwanza, hata kama kovu ni la zamani. Wenye sukari wafuate. Vueni viatu na soksi zote mbili, tuwatazame miguu, na mwenye barua ya hospitali aje nayo mkononi.